Adhabu ya Kuwahi

Mwaka 2009, mwaka wangu wa tatu Toronto, nilikuwa mtu asiyeweza kukaa chini. Chumba changu cha Parkdale kilikuwa na kiti kizuri tu, lakini chai niliinywa nikitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Kazini kwangu, kwenye ghala la mizigo ya ndege kule Malton, nilifika nusu saa kabla ya zamu, nikazunguka uwanja wa kuegesha magari mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Kwetu Kitale, Kenya, nilikuwa nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka tisa. Huku nilibandika lebo kwenye maboksi. Mume wangu alikuwa bado Kitale akingoja karatasi za uhamiaji, nami nikingoja naye kwa simu, na kungoja huko kulikuwa kumeniingia miguuni kama sisimizi.

Jumamosi ndiyo iliyonishika. Saa nne asubuhi niliendesha kipindi cha Kiswahili, nusu saa, kwenye redio ndogo ya jamii iliyokuwa ghorofani juu ya duka la mazulia. Ilikuwa kazi ya kujitolea. Nilitangaza misiba, ibada, harusi na vyumba vya kupangisha, kisha nikapokea simu mbili tatu za wasikilizaji. Mitambo iliendeshwa na mama mmoja wa Kikongo kutoka Lubumbashi, ambaye aliniamuru kwa vidole nyuma ya kioo: kimoja, ongea, viwili, kuna simu, kiganja kizima, nyamaza.

Mwezi wa Juni meneja wa redio akatuita watangazaji wa lugha zote. Kila Julai barabara za kando ya ziwa hufungwa kwa ajili ya mbio za magari, na safari hii kila kipindi kilikuwa kimepewa pasi mbili za kuingia. Alitaka kila lugha iwaeleze watu wake mbio hizo, kisha Jumapili yenyewe tuzungumze hewani kwa simu kutoka uwanjani.

"Unajua chochote kuhusu mashindano ya magari?" aliniuliza.

"Ndiyo," nikasema. Sikuwa hata na leseni ya kuendesha. Lakini mtu asiyetulia hukubali jambo lolote mradi lianze kesho.

Nikaazima kitabu maktaba, nikakisoma ndani ya mabasi ya kwenda Malton, kamusi ikiwa pajani, nikitafsiri neno kwa neno. Jumamosi iliyofuata nikawaeleza watu kwa sauti yangu ya ualimu. Nilisema dereva aliye na kasi kuliko wote siku ya majaribio huanzia kwenye nguzo. Nikasema katikati ya mashindano kila gari huingia shimoni, ambako mafundi hulirukia na kulibadilishia matairi, kisha hutoka. Nikasema bendera ya njano ni ya hatari, hivyo magari hupunguza mwendo, na kwamba hapo ndipo dereva mwerevu hupata nafasi ya kumpita aliye mbele yake.

Vidole viwili. Wa kwanza kupiga alikuwa mama wa Scarborough. "Mwalimu, hilo shimo lina kina gani? Na wenyewe wanatoka salama?" Wa pili alitaka kujua kama yule dereva wa nguzoni huwa amefungwa kwa kamba au kwa mnyororo.

Wa tatu alikuwa mzee. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga, kila neno limepigwa pasi.

"Mwalimu," alisema, "la nguzo nakusamehe. La shimo nakusamehe. Lakini umewaambia watu wapite kwenye bendera ya njano?"

"Ndivyo nilivyosoma, mzee."

"Ulisoma mbiombio. Kwenye bendera ya njano hakuna kupita. Bendera ile ikitikiswa, basi kuna binadamu yuko barabarani anaokota vyuma, au kuna dereva hajatoka garini mwake. Ukipita pale waweza kuua mtu. Sahihisha kabla kipindi hakijaisha."

Zilibaki sekunde arobaini. Nikasahihisha, jasho likinitoka. Taa nyekundu ilipozimika, mama wa Lubumbashi akanipa mkono wa simu. Mzee alikuwa bado hajakata.

"Una daftari?" aliuliza. "Njoo nyumbani kwetu Thornhill kesho, saa nane mchana. Mke wangu atatupikia. Hii kazi haifai kufanywa hivi."

Nilifika saa saba na nusu. Alifungua mlango mwenyewe, mtu mwembamba mwenye sweta ya vifungo katikati ya kiangazi. Akatazama saa ya mkononi, akanitazama mimi.

"Tulisema saa nane."

Sauti ya mwanamke ikatoka jikoni. "Mwache mtoto wa watu aingie! Hapa ni nyumbani au mahakamani?"

Ndivyo nilivyowafahamu. Mzee alikuwa Mhindi wa Kikhoja kutoka Tanga, zamani muuza vipuri, na huku Kanada karani wa bima mpaka alipostaafu. Enzi za ujana wake alikuwa msimamizi katika mbio ndefu za magari za Afrika Mashariki, zile za barabara za vumbi na matope, na hata huku alikuwa akifuatilia kila aina ya mashindano, langalanga, mbio za barabarani, za uwanjani, zote, kwa sababu ya sheria zake. Magari yenyewe hayakumsisimua. La kwake aliliendesha chini ya mwendo ulioruhusiwa, na msururu wa wenye haraka ulimfuata nyuma kila alipokwenda kuswali kwenye msikiti wa barabara ya Bathurst.

Somo la kwanza lilifanyika sebuleni. Alimwomba mkewe kitambaa cha njano cha kufutia vyombo, mtandio wa buluu na taulo jekundu. Mimi nilikuwa gari. Nilizunguka kochi na meza, naye akasimama kando ya kabati akitoa bendera moja baada ya nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile, kutotulia kwangu kulikuwa na kazi ya kufanya.

"Njano!"

"Napunguza mwendo. Simpiti mtu."

"Nyekundu!"

"Mashindano yamesimamishwa. Hakuna anayeshindana tena mpaka tuambiwe."

"Buluu!"

"Naongeza mwendo?"

"Laa! Umezidiwa mzunguko mzima, mwalimu. Anayekuja nyuma yako yeye anashindana na wengine. Mpishe, bila kinyongo."

Mkewe, ambaye alikuwa akipita na sahani za kababu, alisema hiyo ya buluu ingefaa kutundikwa kwenye milango ya nyumba za watu wengi anaowajua.

Tulitafuta maneno pamoja, Jumapili tatu mfululizo. Shimo likawa njia ya mafundi, na nikajifunza kwamba humo ndani kuna kikomo cha mwendo, na kwamba dereva aweza kuwashinda wote barabarani kisha akaangushwa na kikomo hicho. Nguzo ikawa nafasi ya kwanza mstarini. Dereva anapomfuata mwenzake kwa karibu sana ili yule wa mbele amkatie upepo, mzee alitaka tuseme "kufuata kwa manufaa ya hewa". Mkewe akasema hayo ni maneno ya barua ya serikali. "Semeni kujibanza. Anajibanza mgongoni mwa mwenzake mpaka apate pa kuchomokea." Tukaandika kujibanza. Kila Jumamosi niliyaeleza hayo hewani, na watu wakaanza kupiga simu kuuliza maswali ya maana. Mama wa Scarborough aliniambia sasa anaelewa kwa nini mumewe hupiga kelele mbele ya televisheni, ingawa bado haoni kwa nini ni lazima apige.

Pasi ya pili nilimpa mzee. Jumapili ya mbio alinichukua Parkdale akiwa amevaa tai na kofia. Tulisimama nyuma ya uzio wa waya kwenye kona moja, mimi simu sikioni, kidole sikio la pili. Sauti ya magari yale husikika kwanza kifuani. Hewa ilinuka mpira ulioungua na viazi vya kukaanga. Zamu yangu ya kwanza hewani ilikwenda vizuri. Niliwapanga watano wa mbele, nikaeleza nani ameingia njia ya mafundi na nani amejibanza mgongoni mwa nani.

Zamu ya pili ilipoanza, manyunyu yalikuwa yameanza kushuka kutoka ziwani. Nilikuwa katikati ya sentensi gari jeupe lilipokosa mshiko mbele yetu. Liligeuka mgongo, likapiga ukuta wa matairi, na gurudumu moja likatoka na kuruka juu kuliko uzio. Gari likasimama. Dereva hakutikisika.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Ningetamka kwamba amekufa, na watu majumbani mwao, kuanzia Scarborough hadi Hamilton, wangelisikia. Mzee akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Usiseme usilolijua," alininong'oneza. "Sema bendera."

Nikasema bendera. "Njano zinapepea kwenye kona yetu. Gari la usalama limeingia barabarani. Magari yote yanajipanga nyuma yake. Hakuna anayempita mwenzake." Nikatazama, nikasema tena. "Gari la madaktari limefika. Madaktari wawili wameinama. Bendera bado ni njano. Magari yanapita polepole, moja nyuma ya jingine." Miguu yangu ilitaka kukimbia, kwenda kwenye lile gari au kulikimbia, sijui. Niliendelea kutaja nilichokiona, na kila nilipotaja niligundua ninaweza kusimama pale sekunde nyingine kumi.

Mkono wenye glavu ukashika ukingo wa gari. Dereva akasimama, akachechemea, akavua kofia yake ngumu. Uwanja mzima ukapiga makofi, na mimi nikalia hewani kwa Kiswahili sanifu.

Vipande vya chuma vilikuwa vimetapakaa na mizunguko iliyobaki ilikuwa michache, hivyo mbio zikamalizika chini ya bendera ya njano, magari yakivuka mstari kwa foleni kama msafara wa harusi. Watu waliokuwa karibu nasi walizomea. Wa pili alikuwa karibu kabisa na wa kwanza, na sasa hakuruhusiwa kujaribu. Niliwaeleza wasikilizaji kwamba ndivyo sheria ilivyo, na mzee akatikisa kichwa kukubali. Lakini nilipomtazama, alikuwa bado ameushika uzio kwa vidole vyote.

Hakuweza kuendesha. Tukaketi garini mwake, kwenye maegesho, vioo vimeteremshwa. Hapo ndipo aliponieleza.

Alikuwa na rafiki, Singasinga wa Nakuru, fundi makanika aliyeendesha gari alilolitengeneza kwa mikono yake. Walikuwa wakila sahani moja. Mwaka mmoja rafiki huyo alikuwa anaongoza kundi la magari madogo, na mzee alikuwa msimamizi kwenye kituo kimoja cha muda. Katika mbio zile kila gari lilipangiwa dakika yake ya kuingia kituoni. Ukichelewa unaadhibiwa. Ukiwahi, nako unaadhibiwa.

"Kuwahi?" niliuliza. Sikuwahi kusikia kwamba kuwahi ni kosa.

"Kuwahi. Bila hivyo wangepita vijijini kama risasi. Barabara zile zilikuwa na watu, mwalimu, na watoto wa shule."

Rafiki yake aliingia dakika moja kabla ya dakika yake. Msoma ramani aliyekaa naye garini alikuwa amekosea hesabu. Mzee aliandika alichokiona kwenye saa. Kwa adhabu ile rafiki akashindwa, na hakupata tena gari wala nafasi ya kushinda chochote. Alichukua kadi yake ya muda, akaitazama, akaondoka. Hawakusemezana tena kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Sasa yuko wapi?"

"Malton. Ana gereji ya malori." Alitazama ziwa. "Tulikutana mara moja kwenye duka la viungo. Aliacha kikapu chake chini akatoka."

"Humpigii simu?"

"Nimwambie nini? Niliandika kilichotokea."

Malton ndiko nilikofanya kazi. Mtu mwingine angelala na habari hiyo, akaitafakari. Mimi Jumanne, saa ya chakula, nilikuwa tayari nauliza madereva wa malori, na kabla sijamaliza mkate wangu nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gereji.

Alikuwa mtu mkubwa, ndevu nyeupe, kilemba cha buluu, nusu yake imezama ndani ya injini ya lori. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akatoka humo akicheka.

"Kiswahili! Unatoka wapi, dada?"

"Kitale."

"Kitale! Mimi nimeharibikiwa na gari Kitale mara nne. Watu wa Kitale walinilisha." Akafuta mikono kwenye tambara, akataka nikae, akamwita mtu alete chai. Nilikaa. Kisha nikalitaja jina la mzee.

Lile tambara likasimama mikononi mwake.

"Amekutuma?"

"Hapana."

"Nani basi amekutuma?"

Nilikuwa nimejituma mwenyewe, kwa miguu yangu isiyotulia.

"Rudi kazini, dada," alisema, bila ukali, na akarudi ndani ya injini. Chai ilipofika alikuwa hanitazami tena.

Ingekuwa busara kunyamaza, lakini niliona kumficha mzee ni kosa la pili. Nilimpigia jioni ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikueleza," alisema. "Sikukutuma."

"Nilitaka kusaidia, mzee wangu."

"Ungengoja."

Akakata. Jumamosi iliyofuata hakupiga simu kipindini. Iliyofuata pia. Jumapili sikwenda Thornhill, kwa kuwa sikualikwa, na sikujua Jumapili ina saa ngapi mpaka nilipoikosa nyumba ile. Wiki hizo hizo barua ikaja kwamba faili la mume wangu linahitaji uthibitisho mwingine, na tarehe haikutajwa. Nilitembea. Nilitembea Parkdale yote, hadi ziwani na kurudi, nikapanda tramu bila safari, nikateremka kabla ya kituo kwa kushindwa kungoja taa. Nilimwandikia mzee barua ya kuomba radhi, nikaichana, kwa sababu kila nilivyoigeuza ilikuwa inamharakisha kunisamehe.

Jumamosi ya nne nilikuwa bado sijasoma matangazo ya misiba mama wa Lubumbashi aliponyoosha vidole viwili. Nikafungua laini.

"Dada wa Kitale," sauti ikasema. Niliitambua mara moja. "Madereva wa malori wameniambia una kipindi. Nina swali la sheria."

"Karibu."

"Gari limefika kituo cha muda dakika moja mapema. Msimamizi ni rafiki wa dereva. Anatakiwa aandike nini?"

"Anatakiwa aandike dakika aliyoiona."

"Sawa. Hiyo naijua. Miaka yote hii naijua. Sasa swali la pili. Msimamizi amesimama pale barabarani. Anaona vumbi langu kutoka mbali. Ana saa mkononi. Anajua nimewahi na mimi sijui. Je, sheria inamkataza kuinua mkono, kunionyesha nisimame kwanza?"

Katika vitabu vyote na mitandio yote hatukuwa tumefika hapo. Nikatazama kioo. Mama wa Lubumbashi alikuwa amenyoosha vidole viwili tena, kisha, bila kungoja idhini yangu, akaunganisha laini ya pili.

"Haimkatazi," sauti ya Tanga ikasema.

Nikasikia pumzi nzito kwenye laini ya kwanza.

"Nilikuona," mzee akaendelea, taratibu. "Nilikuona tangu ulipochomoza kwenye mkunjo. Kutoka pale mpaka ubao wa kituo ilikuwa mita hamsini. Ukishaupita, umeingia. Nilikuwa na nafasi ya kuinua mkono. Wa kulia ulikuwa na kalamu. Wa kushoto haukuwa na kitu."

"Kwa nini hukuuinua?"

"Tulikuwa wasimamizi watatu. Wenzangu walijua tunakula sahani moja. Niliogopa watasema nimekupendelea."

Redioni kimya ni dhambi, ndivyo nilivyofundishwa, na ulimi wangu ulikuwa tayari kukijaza. Mama wa Lubumbashi akaniinulia kiganja kizima. Nyamaza. Nilikalia mikono yangu.

"Ungeniambia hivyo siku ile," fundi akasema.

"Siku ile hukuniuliza. Ulichukua kadi ukaondoka."

"Nilikuwa na hasira."

"Nami nilikuwa na aibu. Mwenye hasira hurudi. Mwenye aibu hujificha."

"Ningekuwa mimi, ningeuinua mkono." Kisha akaguna. "Sijui. Pengine nami nisingeuinua. Unajua yule msoma ramani wangu, aliyekosea hesabu? Yeye nilimsamehe kabla hatujafika Nairobi. Wewe nilishindwa, kwa sababu hukuwa umekosea popote. Mtu ambaye hakukosea unamsameheje?"

Mzee akakohoa, na nyuma yake nikasikia sauti ya mkewe ikimwambia jambo kwa Kikachi, lugha yao ya nyumbani.

"Anauliza," mzee akasema, "kama bado hupendi bamia."

"Mwambie sipendi."

"Anasema basi Jumapili hatapika bamia."

Muda ulikwisha hapo. Kipindi cha watu wengine kikaingia, na mimi nikabaki na karatasi ya misiba mkononi, haijasomwa hata mstari mmoja. Jumatatu meneja alinipa onyo, na alikuwa na haki. Familia moja ilikuwa imetegemea tangazo la arobaini ya mama yao. Nilikwenda nyumbani kwao kuwaomba radhi. Binti wa marehemu alinisikiliza mlangoni, mikono kifuani, akasema yeye amenisamehe, ila wale wazee wawili wangeweza kupigiana simu kama watu wengine. Kisha akaniuliza kama wamekutana.

Walikutana Jumapili ile. Nilialikwa, saa nane, na nilitembea mtaa mzima mara tatu mpaka ikafika saa nane. Hawakukumbatiana. Fundi alisimama kwenye zulia la mlangoni na boksi la ladu, vile vitamu vya Kihindi, mzee akalipokea boksi, wakabaki wakitazamana viatu. Kisha fundi akasema, "Ile ilikuwa mita thelathini. Si hamsini."

"Hamsini," mzee akasema. "Mimi ndiye niliyepima kutoka mkunjo hadi ubao."

"Thelathini. Na kwa mwendo niliokuwa nao, hakuna mkono ambao ungeniwahi."

"Hamsini. Ulikuwa na nafasi ya kutosha kusimama."

Ilinichukua mpaka kwenye wali ndipo nikaelewa walichokuwa wanabishania. Kila mmoja alikuwa anamtetea mwenzake. Nilikuwa natoka na kuingia jikoni, nikibeba sahani ambazo hazikuhitaji kubebwa, mpaka mke wa mzee akanivuta sketi. "Kaa, mwanangu. Hawa hawana haja nawe."

Nikakaa.

Mume wangu alifika mwezi wa Machi uliofuata. Hakuyapenda magari hata kidogo, lakini alimpenda fundi, ambaye alimpatia kazi gerejini kabla hajajua kutofautisha mabasi ya Malton. Mimi niliendelea na kipindi miaka mingine minne, nikaacha nilipopata kazi ya kufundisha wageni Kiingereza. Wazee wale wawili walitazama mashindano pamoja karibu kila Jumapili kwa miaka mitatu, kwenye lile kochi nililolizunguka nikiwa gari, wakizozana kuhusu kila adhabu iliyotolewa na waamuzi wa dunia nzima, mmoja akitaja kifungu, mwingine akimwambia dereva wa kwenye televisheni asisikilize mtu.

Fundi alifariki kwa moyo, Oktoba moja yenye baridi ya mapema. Mzee alikwenda kwenye mazishi akiwa na tai, akafunika kichwa kwa kitambaa alichopewa mlangoni pa hekalu la Singasinga, akakaa chini na wengine ingawa magoti yalimsumbua. Mtoto wa fundi alimwomba aseme neno. Alisimama, akasema jina la rafiki yake, akasema alikuwa dereva mzuri kuliko ushindi alioupata, akashindwa kuendelea.

Siku ile mume wangu ndiye aliyetuendesha kurudi Thornhill. Mzee alikaa mbele, mimi na mkewe nyuma. Tulipokuwa tunapanda Bathurst nilimwuliza, kwa sababu nilishindwa kujizuia, kama labda ilikuwa mita thelathini kweli.

"Hamsini," alisema. Na baada ya taa mbili tatu: "Lakini alikuwa anaisema vizuri ile thelathini yake."